Setilaiti kwenye miezi ya Jool: mwongozo kamili wa kupanga safari katika Kerbal Space Program

Kufika Jool si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Ugumu unaanza ukishafika: setilaiti sita zimebanana juu ya roketi moja, mafuta yamebaki kidogo, na hukuwahi kujiuliza ipi iende wapi wala itaongea na nani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho. Tutachora mtandao kwanza, halafu turudi nyuma hatua kwa hatua hadi Kerbin, sayari ya nyumbani ya gemu hili. Takwimu zote ni za gemu lenyewe bila modi yoyote (nyongeza za wachezaji), toleo la 1.12.

Jool ni sayari ya gesi yenye nusu kipenyo cha km 6,000 na angahewa inayofika km 200. Ina miezi mitano. Kutoka ndani kwenda nje ni Laythe, Vall, Tylo, Bop na Pol. Mitatu ya kwanza inazunguka karibu kabisa kwenye usawa wa ikweta, na mizunguko yake inaoana: Tylo ikizunguka mara moja, Vall imezunguka mara mbili na Laythe mara nne. Waliotengeneza gemu waliiga Io, Europa na Ganymede za Jupita. Bop na Pol ni mawe madogo yaliyopinda njia, Bop kwa nyuzi 15 na Pol kwa nyuzi 4.25.

Chora mtandao kabla ya kugusa roketi

Umbali ambao antena mbili zinaweza kuwasiliana unapatikana kwa kuzidisha nguvu zao, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Ukiielewa kanuni hiyo, huhitaji kubahatisha tena.

Kerbin na Jool zikiwa pande tofauti za Jua, kati yao kuna takribani km milioni 82. Kituo cha Kerbin kilichoboreshwa hadi ngazi ya tatu kina nguvu ya km milioni 250. Antena ya RA-100 ina milioni 100. Zidisha, tafuta kipeuo, unapata km milioni 158. Hapo hata Jool ikiwa mbali kabisa unabaki na karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. RA-15 moja inafika milioni 61 tu, kwa hiyo itakushika Jool ikiwa karibu na kukuacha ikienda mbali. Kuna wanaofunga RA-15 tatu pamoja, na hesabu inakubali: zinafika milioni 92. Lakini kule mwisho wa safari unabaki na asilimia tatu hivi ya mawimbi, na uzito wake ni tani 0.9 dhidi ya tani 0.65 za RA-100 moja. Sioni faida yake, labda kama bado hujaifungua RA-100 kwenye mti wa teknolojia.

Angalizo kwa wanaocheza kwa kupanda ngazi: kituo cha ngazi ya pili kina nguvu ya milioni 50 tu, na hapo hata RA-100 inafika milioni 70. Boresha kituo kwanza.

Kwa hiyo tunahitaji setilaiti mama yenye RA-100, na setilaiti watoto wenye antena ndogo ya RA-2 wanaokaa kwenye miezi. RA-2 haiwezi kuongea na Kerbin kutoka huko, ila inamfikia mama hata akiwa umbali wa km milioni 14, na mfumo mzima wa miezi ya Jool haufikii hata milioni moja kwa upana. Chombo kinachotua na antena ndogo kabisa, Communotron 16, kinamfikia mama hadi km 224,000. Kikibeba antena ya HG-5 kinafika km 707,000. Kumbuka namba hizo mbili, tutazirudia.

Mama akae wapi?

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mama yangu wa kwanza nilimweka kwenye obiti nzuri ya duara iliyokatiza njia ya Tylo. Nikaenda kucheza safari nyingine, nikaharakisha muda. Niliporudi hakuwepo. Tylo ilikuwa imempitia, ikamtupa nje ya mfumo mzima wa Jool, na sasa anazunguka Jua peke yake na antena yake ya thamani.

Kila mwezi una eneo lake la mvuto, na setilaiti ikipita humo njia yake inabadilika. Basi tafuta pengo lisilopitwa na mwezi wowote. Njia ya Tylo iko km 68,500 kutoka katikati ya Jool na eneo lake la mvuto ni km 10,900, hivyo mkono wake unafika km 79,400. Bop, ambayo obiti yake ni ya yai, inakaribia hadi km 98,300, na ukitoa eneo lake la mvuto unabaki na km 97,100. Kati ya 79,400 na 97,100 kuna pengo safi. Weka mama kwenye km 88,000.

Ila angalia sana: gemu huonyesha urefu kutoka juu ya sayari, si kutoka katikati. Toa km 6,000 za Jool. Unachotaka kusoma kwenye skrini ni km 82,000. Ukiandika 88,000 bado uko salama, lakini kosa hilohilo ukilifanya karibu na ukingo wa pengo utamkosa mama kama nilivyomkosa mimi.

Kwenye obiti hiyo mzunguko mmoja huchukua kama siku 14 za Kerbin (siku ya Kerbin ina saa sita), na mama hujificha nyuma ya Jool kwa muda usiozidi saa mbili hivi kila mzunguko. Kama huwezi kuvumilia ukimya wa saa mbili, peleka akina mama wawili na uwaweke pande zinazokabiliana. Mimi hupeleka wawili, maana kutua Tylo mawasiliano yakiwa yamekatika ni kutafuta msiba.

Sasa rudi kwenye namba za Communotron 16. Laythe, Vall na Tylo zote ziko ndani ya km 224,000 kutoka kwa mama wakati wote. Bop ikiwa mbali zaidi na mama akiwa upande wa pili, umbali unafika km 247,000. Pol inafika karibu 299,000. Antena ndogo haitoshi huko, weka HG-5. Kuna jambo jingine pia. Miezi yote mitano huikabili Jool kwa uso mmoja daima, na Bop na Pol ziko nje ya obiti ya mama. Kwa hiyo katikati ya migongo yao mama hapaoni kamwe. Kila mmoja wao anahitaji setilaiti yake.

Umeme: sahau mazoea ya Kerbin

Mwanga wa Jua kwenye Jool ni asilimia 4 ya ule wa Kerbin. Paneli kubwa ya Gigantor inayotoa uniti 24.4 kwa sekunde nyumbani itakupa chini ya moja. Jenereta ya nyuklia ya PB-NUK hutoa 0.8 popote ulipo, mchana au gizani, na ina uzito wa kilo 80 tu. Uamuzi unajifanya wenyewe.

Wengine hujaza betri na jenereta tatu kwa kila setilaiti wakidhani kazi ya kupitisha mawimbi inakula umeme. Haili. Antena hula umeme inapotuma matokeo ya sayansi, si inapopokea na kupitisha mawasiliano ya wengine. Kinachokula kila sekunde ni kichwa cha setilaiti (kompyuta inayoiongoza), nacho kinahitaji kama 0.03. Jenereta moja inatosha na kubaki.

Na usijaribu injini ya ayoni ya Dawn huko kwa paneli za sola. Inataka uniti karibu tisa kwa sekunde. Utahitaji Gigantor tisa au zaidi ili kusukuma kitu ambacho sasa kimekuwa kizito kwa sababu ya hizo Gigantor.

Kuunda mzigo

Mtoto wangu wa kawaida ana kichwa kidogo cha setilaiti, RA-2 moja, PB-NUK moja, tangi moja la Oscar-B na injini ya Ant. Akiwa amejaa ana tani 0.6 hivi, na kati ya hizo 0.2 ni mafuta. Kwa ufanisi wa injini wa sekunde 315 (namba ikiwa kubwa, mafuta yanatumika vizuri zaidi) hiyo ni delta-v ya karibu 1,250 m/s, yaani jumla ya mabadiliko ya kasi ambayo mafuta hayo yanaweza kuyatoa. Ni zaidi ya anachohitaji, na hiyo ni makusudi, kwa sababu makosa yako ya mwishoni yatalipwa na tangi la mtoto.

Wapange watoto kuzunguka nguzo ya chombo kikuu, wakikabiliana wawiliwawili au wakiwa watatu kwa pembe sawa, ili kituo cha uzito kisiyumbe unapowaachia mmojammoja. Ukimwachia mmoja wa watatu chombo kitavuta upande. Kwa injini yenye uwezo wa kugeuza mdomo haileti shida, kwa nyingine utaona chombo kinacheza ngoma. Kwa injini ya chombo kikuu napenda Nerv: sekunde 800 za ufanisi ni nyingi mno kuachwa. Ni nzito, tani 3, na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo msukumo wa kutoka Kerbin utaugawa mara mbili au tatu, kila mara ukipita sehemu ya chini ya obiti.

Bajeti ya delta-v kutoka obiti ya km 100 ya Kerbin: 1,930 m/s kuondoka, 100 za marekebisho njiani, na 1,100 za kunaswa na mvuto wa Jool na kutulia kwenye obiti ya mama. Ongeza 300 kwa kuwazungusha watoto. Nikiwa na 3,500 nalala usingizi. Kupanda kutoka ardhini hadi obiti ya Kerbin ni 3,400 nyingine, za roketi ya chini.

Kabla hujarusha, weka antena na jenereta kwenye jedwali lako la kukagua na uhakikishe kila antena inayokunjwa ina kitufe chake cha kuifungua. Chombo halisi cha Galileo, kilichokwenda Jupita, antena yake kuu iligoma kufunguka mwaka 1991 na safari nzima ikabidi iendeshwe kwa antena ndogo. Yako itafunguka bila shida, ilimradi ukumbuke kuiagiza kabla mawasiliano hayajakatika.

Kuondoka

Subiri Jool iwe mbele ya Kerbin kwa nyuzi 96 au 97, zikipimwa kutoka kwenye Jua. Nafasi hiyo hurudi kila baada ya siku 467 za Kerbin. Toleo la 1.12 lina saa ya kengele ndani ya gemu pamoja na kifaa cha kupanga safari za sayari. Tumia vyote viwili, hakuna tuzo ya kupima nyuzi kwa rula kwenye skrini.

Washa injini ukiwa nyuzi 114 hivi nyuma ya mwelekeo ambao Kerbin yenyewe inaelekea. Ukitoka kwenye mvuto wa Kerbin, ongeza mapema nodi ya marekebisho, yaani alama ya kwenye ramani inayopanga uwashe injini wapi na kiasi gani. Jool imepinda nyuzi 1.3, na ukichelewa sana kurekebisha gharama hupanda. Kisha harakisha muda. Safari ni takribani siku 1,120, zaidi ya miaka miwili na nusu ya Kerbin.

Kabla ya kupanga kufika, fungua faili la settings.cfg na uongeze CONIC_PATCH_LIMIT kutoka 3 hadi 5 au 6. Bila hivyo gemu halitakuonyesha nini kinatokea baada ya kupita mwezi wa kwanza, na hatua inayofuata utaifanya gizani.

Kunaswa bila kulipa

Unaikaribia Jool na ziada ya kasi ya karibu 1,750 m/s. Kuna njia tatu za kuipunguza.

Ya kwanza ni kutumbukia kwenye angahewa ya Jool. Achana nayo. Ungekuwa unakwenda karibu 9.7 km kwa sekunde, na tangu joto la angahewa lilipowekwa kwenye toleo la 1.0 mwaka 2015, chombo chenye antena na jenereta kikiingia humo hutoka vipandevipande, kama kitatoka.

Ya pili ni kupita km 210 juu ya Jool, juu kidogo tu ya angahewa, na kuwasha injini hapo kinyume cha mwendo. Kwa kuwa unakwenda kwa kasi kubwa, kila tone la mafuta linafanya kazi mara nyingi: 175 m/s zinatosha kukuweka kwenye obiti ndefu inayofika km milioni 2. Rahisi kabisa. Tatizo ni muda: obiti hiyo inazungukwa kwa siku 550. Kule juu unanyanyua sehemu ya chini hadi km 82,000 kwa 80 m/s, unarudi chini, unalipa karibu 690 kutengeneza duara.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda: Tylo. Ni mwezi mkubwa kama Kerbin (nusu kipenyo km 600), hauna angahewa, na mvuto wake ni asilimia 80 ya ule wa Kerbin. Ukifika kwenye njia yake unakwenda kama 3,370 m/s kuizunguka Jool, ilhali kasi ya kutoroka hapo ni 2,870. Unahitaji kupoteza 500 tu, na Tylo inaweza kukuchukulia zote.

Fanya hivi. Ukiwa bado mbali, lenga kamera kwenye Jool na uhakikishe unaizunguka kwa upande uleule ambao miezi inazunguka. Sogeza nodi ndogo ya marekebisho, m/s moja moja au hata chini ya hapo, hadi upate mkutano na Tylo. Kisha lenga kamera kwenye Tylo. Lazima upite mbele yake, upande inakoelekea. Ukipita mbele inakuvuta nyuma na unapungua kasi. Ukipita nyuma yake inakurusha na unaondoka na kasi zaidi ya uliyokuja nayo. Urefu wa km 50 hadi 100 juu ya ardhi unatosha. Cheza na urefu huo huku ukiangalia mstari wa njia unaofuata: ghafla utaona njia inayotoka nje ya Jool inajifunga na kuwa yai. Hapo umenaswa, kwa gharama ya marekebisho tu. Galileo ilifanya jambo linalofanana mwaka 1995, ilipopita karibu na Io ili kupunguza mafuta ya kunaswa na Jupita.

Sevu hapo. Kisha usiwe na haraka: rudia Tylo mara ya pili, hata ya tatu, kila mara ukishusha kilele cha yai. Faida yake utaiona ukifika Vall. Ukiingia Vall ukitoka kwenye yai la km milioni 2, kunaswa kwenye obiti ya kugawia watoto kunagharimu kama 700 m/s. Ukitokea kwenye yai ambalo kilele chake kimeshuka hadi njia ya Tylo, ni 210. Mafuta machache zaidi kwa miezi michache ya kusubiri, na kusubiri kwenye gemu ni kubonyeza kitufe.

Kuwagawa watoto: mfano wa Vall

Setilaiti tatu zinaweza kuonana kuzunguka mwezi mzima kama kila moja iko juu zaidi ya nusu kipenyo cha mwezi huo. Vall ina nusu kipenyo cha km 300, basi km 600 ni urefu wenye nafasi ya kutosha. Mzunguko wake hapo ni sekunde 11,778, yaani saa 3, dakika 16 na sekunde 18.

Ili wakae nyuzi 120 kati yao, chombo kikuu kisikae kwenye duara hilo. Kiweke kwenye obiti ambayo sehemu ya chini ni km 600 na ya juu ni km 980. Mzunguko huo ni theluthi nne za ule wa watoto. Kila kikirudi kwenye km 600, mwachie mtoto mmoja na umtengenezee duara kwa 40 m/s. Mzunguko mmoja, mtoto mmoja, mara tatu. Njia maarufu zaidi ni ya theluthi mbili, ambapo chombo kinashuka hadi km 174, lakini huko kila mtoto analipa 81. Sijui kwa nini imependwa hivyo.

Usihangaike kulinganisha urefu wa juu na wa chini hadi desimali. Kinacholinda mpangilio ni muda wa mzunguko. Punguza nguvu ya injini ya Ant hadi asilimia 5 au chini, na upigie pigo dogodogo hadi sekunde zilingane kwa wote watatu. Tofauti ya sekunde moja tu inawasogeza watoto karibu nyuzi 24 kwa mwaka wa Kerbin.

Tylo na Laythe ni hesabu ile ile kwa namba nyingine. Laythe ukae juu ya km 50 za angahewa wakati wote, hata na chombo kikuu. Ukweli ni kwamba miezi hii mitatu inaweza kuishi na akina mama wawili peke yao usipotua usiku upande usioonekana. Vall nimeitolea mfano kwa sababu mvuto wake mdogo unasamehe.

Bop na Pol

Mpeleke mtoto mmoja kwa kila mmoja, kwenye obiti ya kupita ncha. Badilisha mwinamo wa obiti ukiwa mbali na Jool, ambako unakwenda polepole. Nyuzi 15 za Bop ukizifanya chini zitakula tangi zima. Ukishafika, mvuto ni mdogo mno hivi kwamba kunaswa ni kama kuegesha.

Kama mtoto huyo amebeba kipima madini cha M700, atafanya kazi mbili kwa safari moja, kwa kuwa kipima hicho hudai obiti ya ncha hata hivyo. Kaa kati ya km 25 na 220 kwa Pol. Bop isogelee kwa heshima: ina mlima unaokaribia km 22, na obiti ya km 20 inayoonekana salama kwenye ramani imekwishamaliza setilaiti nyingi. Mimi hukaa km 60, nafungua antena, nasubiri mstari wa kijani umfikie mama na kutoka kwa mama uende Kerbin, ndipo naweka kengele ya chombo kinachofuata.